Hamira ya Boulard: Ilipovuliwa Cheo Ndipo Ikapata Kazi

Imepita zaidi ya miaka 100 tangu Mfaransa Henri Boulard, mtaalamu wa vijidudu, afike Indochina wakati wa kipindupindu. Simulizi inayorudiwa katika maandiko ya kitabibu inasema aliona wenyeji wakijikinga na kuhara kwa kunywa maji yaliyochemshiwa maganda ya mangostini na ya lichi, tunda la ukoo mmoja na shokishoki. Humo akapata hamira, nayo ikaitwa kwa jina lake: Saccharomyces boulardii. Waliokuwa wakinywa maji hayo kabla yake hawakutajwa jina hata mmoja, na wanaoisimulia habari hii hawaonekani kusumbuka. Mwaka 1953 ikaanzishwa kampuni ya Biocodex huko Ufaransa ili kuitengeneza kama dawa, ikaenea duniani. Leo inazungumzwa kwa jambo jingine: maabara zinaibadilisha jeni ili itoe protini za tiba ndani ya utumbo wa mgonjwa. Wengi wanaieleza hatua hii kama ushindi wa hamira ya kipekee. Ukifuata ushahidi, utaona kinyume chake. Hamira hii ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu si ya kipekee kama ilivyodaiwa.

Ugomvi wenyewe ulidumu miaka mingi. Waliotaka ihesabiwe spishi inayojitegemea walikuwa na hoja: haitoi mbegu za uzazi kama hamira ya mkate, haitumii vizuri sukari ya galaktosi, inastawi kwenye nyuzi 37 za joto la mwili, na inavumilia asidi ya tumbo. Ila jina lake halikuwahi kusajiliwa kwa taratibu za uainishaji, na mwaka 1998 McCullough na wenzake walipopima vinasaba vyake walikuta ni Saccharomyces cerevisiae, yaani hamira ile ile ya mkate na pombe. Vipimo vya miaka iliyofuata vikasema hivyo hivyo. Hata hivyo, pakiti za dawa zimeendelea kuchapisha jina la zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo halishangazi, kwani dawa yenye ukoo wake huuzika kuliko binamu wa hamira ya mandazi.

Kuvuliwa cheo huko kukageuka kuwa bahati. Hamira ya mkate ndiyo iliyosomwa kuliko nyingine zote. Mwaka 1981 ilifundishwa kutengeneza intaferoni ya binadamu, mwaka 1986 chanjo ya homa ya ini aina ya B iliyotengenezwa kwa hamira ikaidhinishwa Marekani, na mwaka 1996 ramani yote ya jeni zake, takriban 6,000, ikakamilika. Kwa kuwa boulardii ni ndugu wa damu, swichi za jeni na mbinu za kukata na kupachika zilizobuniwa kwa ajili ya hamira ya mkate zilifanya kazi ndani yake bila kuanza upya. Mwaka 2020 kundi la Hanping Feng wa Chuo Kikuu cha Maryland likatangaza boulardii inayotoa kingamwili yenye vichwa vinne, iliyoundwa kwa vipande vya kingamwili za wanyama wa jamii ya ngamia. Kazi yake ni kuzima sumu mbili za Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuhara kukali baada ya mtu kutumia antibaiotiki. Panya walikingwa, na waliokwisha kuugua wakatibika. Hapa hamira ina faida mbili kuliko bakteria ambaye angetumiwa kwa kazi hiyo: inajua kukunja protini ngumu, na antibaiotiki haziiui, kwa hiyo mgonjwa anaweza kumeza vyote pamoja.

Mtu atauliza: kama ni hamira ya mkate, mbona wasitumie ya mkate moja kwa moja? Wapo waliofanya hivyo. Mwaka 2021 kundi la Francisco Quintana wa Boston lilitumia cerevisiae ya kawaida, likaitengenezea kipokezi kinachohisi ATP, kemikali ya nishati ya seli, inayomwagika utumbo unapovimba, ndipo itoe kimeng'enya cha kuivunja. Kwa panya, uvimbe ulipungua. Lakini tofauti za boulardii, ingawa ni chache, si porojo. Mwaka 2019 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba asidi nyingi ya asetiki inayotoa, ambayo huzuia bakteria, inatokana na mabadiliko katika jeni mbili tu, SDH1 na WHI2. Anayesema boulardii ni tofauti hakosei. Kosa ni kuiita spishi nyingine kwa sababu ya jeni chache.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Boulardii haifanyi makazi tumboni. Mtu akiacha kuimeza, hutoweka baada ya siku chache. Hiyo ni kinga nzuri, ingawa inamlazimu mgonjwa kurudia dozi. Hata hivyo, imewahi kuingia kwenye damu, hasa kwa wagonjwa wenye mirija kwenye mishipa mikubwa, na mwaka 2017 wasimamizi wa dawa wa Ulaya wakataka isitolewe kwa mahututi wala kwa wenye kinga dhaifu. Shida ni kwamba C. difficile huwapata zaidi wazee waliolazwa muda mrefu, na miongoni mwao wamo hao hao waliokatazwa. Kingamwili ya vichwa vinne, hata ikifaulu kwa binadamu, itabidi kwanza ipite kwenye katazo hilo, na mafanikio kwa panya pekee hayataliondoa.