Kijiti cha pamba kilitengenezewa mtoto, sasa mtoto ndiye anaumizwa nacho

Cheki ile pakiti ya vijiti vya pamba iko bafuni kwenu. Pakiti nyingi zimeandikwa, tena kwa herufi ndogo: usiingize ndani ya sikio. Sasa mbona sisi wote tunaviita vya masikio?

Tuanzie Marekani, 1923. Inasimuliwa kwamba Leo Gerstenzang, mzaliwa wa Poland, alimwona mke wake akizungushia pamba kwa kijiti cha kuchokoa meno ndio amsafishe mtoto wao. Jamaa akaona biashara. Akaanza kuuza vijiti vyenye pamba tayari, akaviita Baby Gays (enzi hizo neno hilo lilimaanisha furaha tu, tulieni). Mwaka wa 1926 jina likawa Q-tips Baby Gays, baadaye Q-tips pekee. Onyo la kutoingiza sikioni likaja miaka ya 1970. Hesabu mwenyewe: karibu nusu karne watu wanachokoa.

Na watoto wameumia. Utafiti uliotolewa 2017 ulihesabu watoto kama 263,000 waliopelekwa hospitali za dharura Marekani kati ya 1990 na 2010 juu ya hivi vijiti. Ni kama 34 kila siku, na wengi walikuwa wanasafishwa tu masikio.

Shida ni kwamba nta si uchafu. Inalinda sikio, halafu ngozi ya ndani inasonga polepole ikiitoa nje. Ukiingiza kijiti, unaisukuma irudi ndani, na kwa mtoto mchanga kiwambo cha sikio hakiko mbali.

Huku kwetu hatukumngoja Gerstenzang. Tuna njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kifuniko cha biro. Lakini kinachoniuma zaidi ni hii tabia ya kupima usafi wa mama kwa masikio ya mtoto. Dada ana miaka 19, mtoto wa kwanza, shosho na majirani wanaangalia sikio, wanaguna. Atachokoa tu, atafanyaje?

Dada, chukua kitambaa laini, kichovye maji ya vuguvugu, ukamue. Futa sikio kwa nje na nyuma yake, basi. Usimwagie mafuta. Ukiona usaha, harufu mbaya, ama analia akishikwa sikio, mpeleke kliniki. Na shosho akiguna, mwonyeshe ile pakiti.