Wapolandi wa Zaolzie: Historia ya Jamii ya Mpakani

Katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Jamhuri ya Ucheki, baina ya mto Olza na safu ya milima ya Beskidi, limo eneo dogo ambalo Wapolandi huliita Zaolzie, yaani ng'ambo ya Olza, na Wapolandi wanaoishi humo ni wenyeji wa vijiji vyake kwa karne nyingi. Dola zilizowatawala zimebadilika mara kwa mara, na kila moja ilikuja na bendera yake na lugha yake ya ofisini, lakini kilichowafanya wabaki jamii moja kimekuwa zaidi shule, kanisa na chama cha kijijini.

Eneo hilo lilikuwa sehemu ya utemi wa Cieszyn, ulioanza mnamo 1290 chini ya tawi la ukoo wa Piast, ukoo uleule uliotawala Poland. Mwaka 1327 mtemi wake alijiweka chini ya mfalme wa Bohemia, na ukoo huo ulipokatika mwaka 1653 nchi iliangukia mikononi mwa wafalme wa Habsburg wa Austria. Wakulima waliendelea kuzungumza lahaja ya Kipolandi, huku Kijerumani kikitawala mijini. Matengenezo ya dini ya karne ya 16 yaliacha huko Walutheri wengi ambao, hata baada ya kubanwa kwa muda mrefu na watawala Wakatoliki, walishikilia imani yao hadi wakapata mwaka 1709 ruhusa ya kujenga kanisa kubwa mjini Cieszyn. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa wengi wao walisali na kusoma vitabu vya dini kwa Kipolandi, na hivyo lugha ikapata makao ya heshima kabla haijapata mtetezi wa kisiasa. Waziri Mkuu wa Poland wa miaka ya 1997 hadi 2001, Jerzy Buzek, alizaliwa mwaka 1940 katika familia ya Kilutheri ya Zaolzie.

Makaa ya mawe ya Karviná na kiwanda cha chuma cha Třinec, kilichoanzishwa mwaka 1839, viligeuza nchi ya wakulima na wafugaji kuwa nchi ya wachimbaji, na maelfu ya vibarua wakahamia kutoka Galicia, jimbo jirani lenye Wapolandi wengi. Reli iliyounganisha Bohumín na Košice ilipita katikati ya eneo hilo. Sensa ya Austria ya mwaka 1910, iliyouliza lugha ya matumizi ya kila siku, ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa utemi mzima walitumia Kipolandi. Hata hivyo si wote waliojihesabu kuwa Wapolandi, kwani wapo waliomfuata mwanasiasa Józef Kożdoń na kujiita Wasilesia tu, yaani watu wa jimbo la Silesia.

Austria-Hungaria ilipovunjika, mabaraza ya wenyeji ya Wapolandi na Wacheki yalipatana tarehe 5 Novemba 1918 kugawana utawala kwa kufuata lugha za vijiji. Yalikuwa mapatano ya busara, na kuvunjwa kwake ni hasara ambayo eneo hilo liliilipia kwa miaka mingi. Serikali ya Chekoslovakia mpya, mjini Praha, iliyataka makaa ya mawe, na zaidi iliitaka reli, iliyokuwa njia yake kuu ya kufikia Slovakia. Tarehe 23 Januari 1919 jeshi lake likaingia, na mapigano yakadumu takriban wiki moja. Kura ya maoni iliyoahidiwa haikufanyika. Tarehe 28 Julai 1920, Jeshi Jekundu likiisogelea Warszawa, Mkutano wa Mabalozi wa mataifa yaliyoshinda vita uliufanya mto kuwa mpaka. Mji wa Cieszyn ulikatwa vipande viwili: ngome ya kale na uwanja wa soko vikabaki Poland, stesheni ya reli ikaenda Chekoslovakia, na tramu iliyokuwa ikivuka daraja tangu 1911 ikasimamishwa mwaka 1921.

Mwezi Oktoba 1938, wakati Hitler alipokuwa akiimega Chekoslovakia, Poland nayo iliitwaa Zaolzie. Hatua hiyo, ambayo Rais wa Poland Lech Kaczyński aliiita dhambi mwaka 2009, iliwafukuza Wacheki wengi na kuwaachia Wapolandi wenyeji lawama ya jambo lililoamuliwa Warszawa. Mwaka uliofuata Wajerumani waliivamia Poland na kuliteka eneo hilo, wakawafunga na kuwaua walimu na viongozi wa Kipolandi, na tarehe 6 Agosti 1944 Gestapo waliwapiga risasi watu 36 katika kijiji cha Żywocice na jirani zake.

Baada ya vita mpaka wa 1920 ulirudi, na mwaka 1947 kikaundwa chama cha utamaduni na elimu kiitwacho PZKO, ambacho nyumba zake vijijini zimekuwa mahali pa kwaya, ngoma na karamu. Mjini Jablunkov, kila Agosti, watu wa milimani hukusanyika katika sherehe ya Gorolski Święto, wanawake wakiwa wamevaa vizibao vya mahameli vilivyotariziwa nyuzi za dhahabu na fedha, na chapati za viazi zikiokwa juu ya bamba la jiko. Mazungumzo huwa kwa lahaja wanayoiita *po naszymu*, yaani kwa namna yetu, ambayo majirani zao Wacheki wengi nao huizungumza.

Hata hivyo idadi imepungua: katika Ucheki nzima waliojitaja kuwa Wapolandi walikuwa 59,383 mwaka 1991 na 39,096 mwaka 2011. Ndoa za mseto zimechangia, na viwanda vimechangia pia, kwa sababu migodi iliyowaleta mababu wa wengi ilikuja kuvibomoa vijiji vyao. Kanisa la Mtakatifu Petro wa Alcantara, katika Karviná ya zamani, limedidimia mita 37 na sasa limesimama likiwa limeinama, huku nyumba zilizolizunguka zikiwa zimetoweka.

Vibao vya majina ya vijiji katika lugha mbili vinaruhusiwa kisheria, na tangu Desemba 2007 hakuna ukaguzi wa kudumu wa pasi darajani. Haki hizo zina thamani kubwa, lakini uzima wa jamii hii unapimwa hasa kila mwaka wa masomo unapoanza, kwa idadi ya wazazi wanaowaandikisha watoto wao katika shule za Kipolandi.