Makaburi ya nguzo ya Pwani: yaliko, yanavyosomeka, na adabu ya kuyazuru

Abiria anayepanda matatu Mombasa kwenda Malindi hupita karibu na makaburi ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka 500, na wengi wetu hatujawahi kushuka tukayaangalia. Baadhi yako ndani ya ua la Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yana mlinzi na kibao. Mengine yako vichakani na katikati ya mashamba ya mihogo, hayana ua wala mlinzi isipokuwa wenyeji wenyewe. Makala haya yanaeleza makaburi hayo ni nini, yanapatikana wapi, na mgeni afanye nini akifika.

Kaburi la nguzo ni nini?

Ni kaburi lililozungushiwa ukuta mfupi wa matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, na upande mmoja ukasimamishwa nguzo. Nguzo nyingine ni za mviringo, nyingine za mraba, nyingine zina pande sita au nane. Zipo zenye kimo cha mtu na zipo zinazopita paa la nyumba. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, kazi ambayo mafundi wa Pwani wameirithishana kwa karne nyingi. Ukuta wa kaburi mara nyingi huwa na mapambo ya kuchonga, na juu ya nguzo au ubavuni mwake yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China.

Makaburi ya aina hii yametapakaa kuanzia kusini mwa Somalia, yakapita Lamu, Malindi na Kilifi, hadi Tongoni karibu na Tanga na Kaole karibu na Bagamoyo. Waliozikwa humo walikuwa watu wa hadhi katika miji yao, kwani si kila familia ingemudu gharama ya fundi, chokaa na bakuli la ng'ambo.

Bado wapo wanaoyaita magofu ya Wareno au ya Waarabu. Hata James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, aliuita mji huo mji wa Waarabu katika kitabu chake cha 1954. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba miji hii ilikuwa ya Waswahili wenyewe, Waislamu wa Pwani waliofanya biashara na dunia nzima ya Bahari ya Hindi. Wareno walipofika mwishoni mwa karne ya 15, mingi ya miji hiyo ilikuwa imesimama zamani.

Pa kwenda

Mtwapa: Jumba la Mtwana ni mji wa karne ya 14 na 15 ulio ufuoni. Kando ya msikiti wa baharini kuna kaburi lenye maandishi ya aya ya Kurani kuhusu mauti. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetoka Mombasa na watoto.

Kilifi: Jina Mnarani latokana na huo mnara, yaani nguzo ya kaburi. Magofu yako upande wa kusini wa mkono wa bahari, kwa hivyo anayetoka Mombasa ashuke kabla ya kuvuka daraja. Utaona msikiti mkubwa, mibuyu ya kale, na kaburi lenye nguzo ya pande nane.

Gede: Mji huu uko karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, njia ya Watamu. Pana kaburi la nguzo, na pia kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Kaburi hilo limewasaidia sana wanahistoria, kwa sababu tarehe iliyochongwa haina ubishi. Mwaka 2024 UNESCO iliiweka Gede katika orodha ya turathi za dunia.

Malindi na Mambrui: Mjini Malindi, nguzo mbili zinasimama kando ya msikiti wa Jumaa, mtaa wa Shela. Ukivuka Mto Sabaki kwenda kaskazini utafika Mambrui, kunakojulikana kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya China.

Manda: Takwa iliachwa na wakaazi wake katika karne ya 17, na wazao wao wakahamia Shela ya Lamu, ng'ambo ya maji. Hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kuomba mvua penye kaburi la nguzo. Panga safari na nahodha mapema, maana mkondo unaopita kwenye mikoko huingilika maji yakijaa tu.

Miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, ndiyo rahisi kwa safari. Wakati wa masika nyasi huficha kuta na mawe huteleza.

Kwa nini kigae kisiokotwe

Mgeni akitazama nguzo ataona matundu ya duara kama sahani. Hapo ndipo palipokuwa na mabakuli. Mengine yalivunjika, mengi yaling'olewa yakauzwa au yakachukuliwa kuwa kumbukumbu ya safari. Hasara yake si ya urembo peke yake. Kaburi lisilo na maandishi hukadiriwa umri kwa mtindo wa bakuli lake, kwa kuwa wataalamu wanajua kila mtindo ulitengenezwa China enzi gani. Bakuli likiondoka, kaburi linakosa shahidi.

Mfano uko Mambrui. Mwaka 2010 wachimbaji kutoka Kenya na China walipata huko sarafu yenye tundu la mraba, ya mfalme Yongle aliyetawala China kuanzia 1402 hadi 1424. Sarafu hiyo ilikuwa na la kusema kwa sababu ilikutwa ardhini ilipoangukia, pamoja na vitu vingine vya tabaka lake. Ingeokotwa na mpita njia ikatiwa mfukoni, leo ingekuwa kipande cha chuma tu. Ndugu zetu Wamijikenda wanaujua uchungu huu, maana vigango vya wazee wao viling'olewa vikaishia kuuzwa ng'ambo.

Adabu ya kuzuru

Haya ni makaburi kwanza, vivutio baadaye. Vaa nguo za kujisitiri. Mahali pasipo na ofisi ya makavazi, anza kwa mzee wa mtaa au mwenye shamba, umwombe ruhusa na mtu wa kukuongoza. Usipande ukuta wala kuukalia kwa ajili ya picha, kwa sababu chokaa ya kale hubomoka kwa uzito mdogo. Usiandike jina lako. Ukikuta kitambaa, ubani au marashi, jua kuna aliyekuja kwa nia yake, viache vilivyo.

Ukikuta kaburi shambani mwako

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Ardhi ya Pwani inauzwa ploti kwa ploti, na mnunuzi kutoka mbali huenda asitofautishe kaburi na lundo la mawe ya msingi. Tingatinga halichukui asubuhi nzima kuondoa kilichodumu karne sita.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamtaka mtu aliyegundua jengo au kifaa cha kale kuyaarifu makavazi katika muda wa siku saba, akieleza mahali na namna alivyokipata. Usichimbe, usisafishe kwa jembe, na usikate mti uliojishika ukutani, kwani mara nyingine mizizi ndiyo inayoshikilia mawe. Piga picha, kisha uripoti kwa chifu au kwa makavazi yaliyo karibu, yawe ya Fort Jesus, Malindi au Lamu.

Na unayeuza shamba, mwonyeshe mnunuzi kaburi lilipo mbele ya mashahidi kabla hamjatia sahihi. Jirani anayejua mipaka ya makaburi ya kijiji chake, na akawaonyesha wanawe, ameyalinda kuliko kibao chochote.