Sanduku la Bibi

Mwaka jana alikuja mtu uani kwetu Majengo, Mombasa, na futi ya kupimia. Akasema kiwanja kimeuzwa. Bibi yangu hakubishana. Aliingia ndani, akavuta sanduku la bati chini ya kitanda na kumwonyesha risiti za kodi ya kiwanja, mwezi baada ya mwezi, tangu mie sijazaliwa. Yule bwana akatabasamu, akaendelea kupima.

"Bibi, hati iko wapi?" nikauliza.

"Mjukuu wangu, nyumba ni yangu. Ardhi ina mwenyewe."

Mtu atamiliki vipi kuta asimiliki udongo zilipojengwa? Nilikuwa natafuta kisa cha riwaya, nikaangukia historia.

Maandishi yalikuwapo pwani kabla ya Waingereza. Mtu akiuza shamba mjini, hati iliandikwa mbele ya kadhi na mashahidi, karatasi ikakaa nyumbani. Wamijikenda wao walikuwa na ardhi ya ukoo, na wazee ndio waliojua mipaka. Hapakuhitajika karani.

Mwaka 1895 Waingereza walipatana na Sultani wa Zanzibar wautawale ukanda wa pwani wa maili 10. Mwaka 1901 wakaweka sheria ya kusajili nyaraka. Unapeleka hati yako ofisini, inanakiliwa daftarini, basi. Daftari lilishuhudia kwamba karatasi imeletwa. Kama muuzaji ndiye mwenye mali kweli, hilo halikulihusu.

Mnunuzi wa mashamba hawezi kulala kwa uhakika wa namna hiyo. Ndipo mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hatimiliki za Ardhi, iliyotumika huku pwani. Aliwekwa Msajili, na kila mwenye madai akatakiwa ampelekee, athibitishe, apewe cheti. Mwiba ulikuwa hapa: ardhi ambayo hakuna aliyekuja kuidai ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Sasa fikiri, nani alikwenda? Hasa ni wale waliokuwa na karatasi na waliozijua ofisi: Waarabu, Wahindi, na baadhi ya Waswahili wa mjini. Mkulima wa Kigiriama atadai vipi ardhi ya ukoo mzima kwa jina lake peke yake? Wengi hata habari hawakupata. Walilala wenyeji, wakaamka maskwota.

Mjini nako viwanja vingi vikawa na majina ya wachache. Aliyekuja kutafuta kazi bandarini alikodi kiwanja, akajijengea nyumba ya udongo na makuti, akalipa kodi ya ardhi. Ndiyo asili ya nyumba ya bibi.

Uhuru haukulifuta daftari. Tena Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilitia kufuli jingine: kwa ardhi iliyo chini yake, usajili wa kwanza haukuweza kurekebishwa na mahakama hata ukiwa umepatikana kwa hila! Kufuli hilo liliondoka sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2012, baada ya Katiba ya 2010 kukataa kulinda mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria.

Usiku ule nilizisoma risiti za bibi moja moja. Nilidhani ni ngao yetu. Kumbe kila risiti ilikuwa inakiri, kwa mkono wetu wenyewe, kwamba ardhi ni ya mwingine. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Mpaka leo tungali tunaishi mle, na yule mtu hajarudi. Nimenunua daftari la kurasa 200, ninaandika anayoyasimulia bibi: nani alichimba kisima, nani alizaliwa chumba kipi. Najua mahakamani halitafaa kitu. Lakini wewe msomaji, leo ukifika nyumbani uliza: hati iko wapi, na ina jina la nani? Uliza wazee wangali hai.