Kuhama Upande: Kwa Nini Sasa Nacheza na Wareno

Kwenye kipindi tuligusia habari za gemu kidogo tu, muda ukaisha. Wengi mmetuma ujumbe mkisema tuendelee, basi haya hapa, kwa maandishi.

Mimi nacheza Age of Empires II. Kama huijui: kila mchezaji anachukua dola moja, anaanza na wanakijiji wachache, anakata miti, anachimba dhahabu, anajenga jeshi, halafu anajaribu kummaliza mwenzake. Kila dola ina nguvu zake na udhaifu wake. Kwa muda mrefu mimi nilikuwa mtu wa Waethiopia. Wapiga mishale wao wanafyatua haraka, na kila ukipanda hatua mpya unapewa chakula 100 na dhahabu 100 bure. Halafu, tuseme ukweli, walikuwa karibu na kwetu. Nilipoanza kucheza, dola ya Waswahili haikuwepo.

Mwaka huu nimehamia kwa Wareno. Waliingia kwenye gemu mwaka 2015, pamoja na hao hao Waethiopia, Wamali na Waberiberi. Askari wao wanagharimu dhahabu kidogo, na meli zao ni ngumu kuzama. Ukiwa unacheza mechi za kupanda daraja, hizo ni sababu tosha.

Mjomba wangu, mzaliwa wa Mji wa Kale Mombasa, alipoona bendera kwenye skrini yangu aliniuliza: "Mreno? Wewe, mwanangu? Umekosa upande mwingine?" Alikuwa anatania, lakini si utani wote. Na kwenye kundi letu la kucheza mtu akaniita msaliti, na vicheko juu.

Sasa, mimi swali la usaliti nalichukulia kwa uzito kidogo, kwa sababu pwani ya kwetu watu walilikabili kabla hata ya umeme. Kuhama upande ni sehemu kubwa ya historia yetu. Ukiisoma vizuri, utaona kwamba kuna kitu gemu haihesabu kabisa: nani analipa.

Tuanze na Malindi. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, na mambo yakaharibika haraka. Kila upande ulimshuku mwenzake, akaondoka. Siku chache baadaye akatia nanga Malindi, na Sultani wa Malindi akampokea vizuri, akampa chakula na rubani wa kumvusha bahari. Chini ya mwezi mmoja baada ya kuondoka Malindi, Wareno walikuwa Calicut, India.

Kwa nini Malindi ikafanya hivyo? Wengine wanasema ujinga, wengine usaliti. Mimi naona hesabu. Mombasa ilikuwa jirani mkubwa, tajiri, na mshindani. Malindi ilikuwa ndogo. Akatokea mgeni mwenye mizinga ambaye tayari amegombana na jirani yako. Ukiwa dola dogo kwenye ramani, na upande mpya umeingia mchezoni, wewe ungefanya nini? Tena mwaka 1498 hakukuwa na "Waswahili wote" wa kusalitiwa. Kulikuwa na Malindi, Mombasa, Kilwa, Pate, Lamu, kila mji na mtawala wake na maslahi yake.

Kwa miaka mingi hesabu ile ilionekana kutoka sawa. Mombasa ilichomwa na Wareno mwaka 1505, ikachomwa tena 1528. Malindi ikabaki imesimama.

Lakini twende Kilwa kwanza, maana huko ndiko inapoeleweka ile Feitoria.

Wareno wa kwenye gemu wana jengo linaloitwa Feitoria. Ukifika hatua ya mwisho ya mchezo unaweza kulijenga. Linachukua nafasi ya watu 20 kati ya 200 ulioruhusiwa, halafu linakaa tu, linakutolea chakula, mbao, mawe na dhahabu, polepole, bila kukoma. Hakuna mchimbaji. Hakuna punda wala jahazi. Migodi yote ya ramani ikiisha, Feitoria inaendelea kutema dhahabu, kama bomba lililoachwa wazi.

Feitoria za kweli zilikuwepo. Ni neno la Kireno la kituo cha biashara cha Mfalme, na mara nyingi kilikaa ndani ya ngome au karibu nayo. Mwaka 1505 Wareno walijenga ngome mbili zilizotuhusu sana: Kilwa na Sofala. Dhahabu waliyoitaka haikutoka hewani. Ilichimbwa na watu kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikabebwa hadi Sofala, ikapandishwa majahazi hadi Kilwa. Kilwa iliishi kwa biashara hiyo kwa vizazi. Ibn Battuta aliyepita hapo mwaka 1331 aliusifu uzuri wa mji ule, na sarafu ya Sultani wa Kilwa wa wakati huo imeokotwa Great Zimbabwe kwenyewe, mbali kabisa na bahari.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na kundi la meli za kivita, akamlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile haikupotea. Mafundi wa Lisbon waliifanya chombo cha ibada cha Kikatoliki, kikakamilika mwaka 1506. Mpaka leo kiko kwenye Museu Nacional de Arte Antiga, Lisbon, na watu wanapanga foleni kukitazama. Kinaitwa Custódia de Belém. Kwa hiyo ukiwa unatafuta upande wa pili wa Feitoria, ule ambao gemu haikuonyeshi, umo ndani ya kabati la kioo Ulaya.

Kodi haikutosha. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji wa Kilwa. Amiri Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamtawaza mfanyabiashara mmoja, Muhammad Ankoni, aliyekuwa upande wao. Huyo naye alihama upande, akapewa taji. Mwaka uliofuata aliuawa. Mwaka 1512 Wareno wenyewe wakafunga ngome yao, wakaondoka. Waliobaki na mji uliopoteza biashara yake ni watu wa Kilwa, wale waliompenda Ankoni na wale waliomchukia, pamoja.

Sasa turudi Malindi, tuone mwisho wa ile hesabu.

Mombasa ilipoanguka tena mwishoni mwa karne ya 16, Wareno walimpa Sultani wa Malindi utawala wa Mombasa, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Hebu fikiria: yule mshindani wako wa karne nzima, leo mji wake ni wako. Kwenye gemu hapo skrini inaandika umeshinda. Ila Sultani alipohamia Mombasa, Malindi yenyewe ilianza kufifia. Na huko Mombasa akakuta bosi anaishi mlango wa pili, ndani ya ngome.

Mwaka 1614 mtoto wa Sultani huyo, Hasan bin Ahmad, aliyekuwa ametawala baada yake, aligombana na Wareno, akauawa. Mwanawe Yusuf, bado mtoto, alipelekwa Goa, India. Akalelewa na mapadri, akabatizwa jina la Jerónimo, akafunzwa vita baharini. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa kuwa mfalme: Mswahili kwa damu, Mkristo kwa ubatizo, Mreno kwa malezi. Kwa watu wa mji hakuwa wao. Kwa Wareno wa ngomeni hakuwa wao pia. Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mnatikisa kichwa, hiyo ya kutokuwa wa huku wala wa kule hamhitaji kuelezwa.

Agosti 1631 Yusuf aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni wa ngome. Akarudi kwenye Uislamu na kwenye jina la Yusuf bin Hasan. Siku zilizofuata waliuawa Wareno wengi, wanaume, wanawake na watoto, na Waafrika Wakristo pia. Mwaka uliofuata akaihama Mombasa, akaishi kwa kupigana baharini, na hakurudi tena kutawala. Watu wa Mombasa wakaja kuwaita Waomani. Fort Jesus ikazingirwa tangu Machi 1696, ikaangukia mikononi mwa Oman Desemba 1698. Upande mpya tena. Bosi mpya tena.

Msidhani haya ni ya pwani ya kwetu tu. Huu mji tunaoishi, Alexandria, nao umewahi kuhama upande, na ushahidi uko Duke Street, njia ambayo wengi wetu tunapita.

Kuanzia 1801 Alexandria ilikuwa sehemu ya mji mkuu, Washington, D.C. Mwaka 1846 ikapigwa kura ya kurudi Virginia: 763 walikubali, 222 walikataa. Sababu zilikuwa kadhaa, za kodi na za biashara. Moja ilikuwa hii: wafanyabiashara ya watumwa waliogopa kwamba Bunge lingepiga marufuku biashara yao ndani ya D.C. Hawakukosea. Mwaka 1850 ikapigwa marufuku huko, lakini Alexandria ilikuwa imeshatoka. Nyumba nambari 1315 Duke Street, ambako watu walifungwa wakisubiri kuuzwa kusini, iliendelea na kazi hiyo mpaka jeshi la Muungano lilipoingia mjini Mei 1861. Leo ni Freedom House Museum.

Watu weusi wa Alexandria hawakuwa na kura mwaka ule. Wale waliokuwa huru walikuwa na shule zao. Mji ulipohamia Virginia, sheria za Virginia zikazifunga. Waliopiga kura walibadilisha mstari kwenye ramani, na gharama ikaenda kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mjomba, na kwa yule wa kundini, ni hili. Sijasaliti mtu. Kwenye gemu, nikihama upande, mechi mpya inaanza na kila kitu ni sifuri: hakuna baba aliyeuawa, hakuna shule iliyofungwa, hakuna dhahabu yenye mwenyewe. Ndiyo maana inafurahisha, na nitaendelea na Wareno wangu mpaka nipande daraja. Lakini Malindi hawakuanza mechi mpya. Hakuna mtu wa kweli anayeanza mechi mpya. Neno "msaliti" linamwangalia aliyehama tu, wakati wa kuulizwa ni wengi zaidi: nani alikuwa na nguvu ya kuchagua, na bili ikaenda kwa nani?

Ukiwa karibu na Duke Street, ingia pale nambari 1315. Na ukibahatika kwenda Mombasa, ukiingia Fort Jesus, mtafute Yusuf bin Hasan kwenye maelezo ya mwongozaji. Asipomtaja, muulize.