Laxton: kijiji cha Uingereza chenye kukagua mipaka ya mashamba kila mwaka

Kila mwaka, kuelekea mwisho wa mwezi wa 11, walimaji wa kijiji cha Laxton, katikati ya Uingereza, wanapanda gari lenye kukokotwa na trakta na kwenda shambani. Hawaendi kulima. Wanaenda kuangalia kama kuna mtu amekula udongo wa mwenzake, ao amelima hadi ndani ya njia ya wote. Wanabeba vigingi vya miti na nyundo. Pale mpaka hauonekani vizuri, wanapima tena na kupigilia kigingi, wote wakiwa wanaona.

Kwetu huku mashariki ya Congo tunajua vizuri uzito wa jambo hilo. Mpaka wa shamba unaweza kupeleka majirani kwa shefu, kisha kwa tribinali, na mara ingine kwenye damu. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza historia ya kijiji hiki kimoja cha mbali, chenye kulinda desturi yake ya mashamba wakati karibu vijiji vyote vya Uingereza vilikwisha kuipoteza.

Laxton iko wapi

Laxton iko katika jimbo la Nottinghamshire, kaskazini ya mji wa Nottingham. Ni kijiji kidogo cha walimaji. Kuko kanisa la zamani la Mtakatifu Mikaeli, kuko baa moja yenye kuitwa Dovecote Inn, na kuko kilima cha udongo chenye watu walirundika kwa mikono wakati wa utawala wa Wanormani, kusudi wajenge ngome juu yake. Jina la kijiji linapatikana tayari katika kitabu kikubwa cha hesabu ya mali chenye mfalme William aliandikisha mwaka wa 1086.

Mtu akipita katika barabara ya kijiji, kitu kimoja kitamshangaza. Katika sehemu nyingi za Uingereza, nyumba ya mlimaji iko peke yake katikati ya mashamba yake. Laxton, nyumba za walimaji zimepangwa ndani ya kijiji, moja kando ya ingine, na nyuma ya kila nyumba kuko kiwanja kirefu na chembamba. Sababu ni nyepesi: mashamba ya kila mtu yalikuwa yametawanyika pande zote, basi ilifaa kukaa katikati.

Mashamba matatu makubwa bila ua

Ardhi ya kulima ya Laxton iko katika mashamba makubwa matatu: shamba la Magharibi, shamba la Kusini, na shamba la Kinu, lenye kupata jina lake kwa kinu cha upepo cha zamani. Ndani ya mashamba hayo hakuna ua wala senyenge. Kila shamba limegawanywa katika vipande virefu, na kila mlimaji ana vipande vyake katika mashamba yote matatu.

Juu ya nini kutawanya vipande hivyo? Udongo haulingani. Upande mmoja uko mzuri, upande mwingine una maji mingi, mwingine una mawe. Kwa kugawanya namna hii, hakuna mtu mwenye kuchukua udongo mzuri peke yake na kuachia wengine mbaya. Mvua ikiharibu upande mmoja, mlimaji hapotezi chakula chote cha mwaka.

Kisha kuko zamu ya mazao. Mwaka wa kwanza shamba linapandwa ngano mbele ya baridi kali. Mwaka wa pili wanapanda mazao ya kiangazi, kama vile shayiri ao maharagi. Mwaka wa tatu shamba linapumzika, na zamani mifugo ya kijiji ilikula majani pale na kuacha mbolea. Sababu mashamba yako matatu, kila mwaka moja liko na ngano, moja liko na mazao ya kiangazi, na moja linalala.

Mpango huo hauwezi kutembea kama kila mtu anafanya yake. Mlimaji mmoja akipanda mahali penye shamba linapaswa kulala, ng'ombe wa wenzake wataingia kula. Yeye atakasirika, wao watakasirika. Basi ilibidi kuwe sheria, na kuwe watu wa kuifuatilia.

Kati ya vipande kuko pia mahali pa majani penye bonde ao maji, ambapo jembe haliwezi kupita. Hapo si pa mtu mmoja. Majani yake yanauzwa kila mwaka kwa mnada. Leo sehemu hizo zinalindwa na serikali, juu ya maua na wadudu ambao wametoweka katika mashamba mengi ya kisasa.

Siku ya juri

Kazi ya kulinda sheria iko mikononi mwa juri. Juri si watu wa serikali, wala si watu waliotumwa toka mjini. Ni walimaji wa kijiji wenyewe, wenye kuapishwa kwa kazi ya mwaka mmoja, pamoja na mkubwa wao.

Siku ya ukaguzi wanatembelea lile shamba lenye limetoka kupandwa ngano. Wanachagua wakati huo sababu udongo umelimwa sasa hivi na alama za jembe zinaonekana wazi. Wanaangalia mambo machache: kama mtu amevuka mpaka wa jirani, kama amelima njia ya wote ao sehemu ya majani, kama ameacha mitaro imeziba. Wakikuta kosa, wanaliandika. Wakimaliza, wanarudi kwenye baa, wanakula pamoja, na wanapatana juu ya faini.

Fikiria hali ya watu hao. Yule mwenye kuandikiwa faini anaweza kuwa jirani, shemeji, ao mtu mwenye kukaa nawe meza moja mchana huo. Anaweza hata kuwa memba wa juri. Mwaka ujao, pengine yeye ndiye atakagua kipande chako. Faini yenyewe si kubwa. Lakini kusomewa kosa lako mbele ya kijiji chote, hiyo ni nzito kuliko franka.

Zamani kulikuwa pia mtu wa kukamata mifugo yenye kupotea. Akikuta ng'ombe ndani ya mazao, alimpeleka katika zizi la kijiji, na mwenyewe hakumpata mpaka alipe. Zizi hilo bado linaonekana Laxton mpaka leo.

Baraza lenye nguvu ya sheria

Wiki moja nyuma ya ukaguzi, kijiji kinakutana kwa baraza, palepale kwenye baa ya Dovecote. Baraza linaongozwa na msimamizi mwenye kumwakilisha mwenye ardhi. Juri linaleta ripoti, faini zinatangazwa, na watu wa juri la mwaka mwenye kuja wanaapishwa.

Zamani mabaraza ya namna hii yalikuwa katika vijiji vingi vya Uingereza. Polepole yalikufa, ao yakabaki sherehe tu. Mwaka wa 1977, bunge la Uingereza lilipitisha sheria yenye kuondolea mabaraza hayo uwezo wa kuhukumu. Lakini ndani ya sheria hiyo, baraza la Laxton lilitajwa kwa jina kati ya yale machache yenye kubakia na uwezo wao. Ina maana kwamba uamuzi wa walimaji hao juu ya mashamba yao bado unatambuliwa na sheria ya inchi.

Vijiji vingine vilipoteza nini

Kusudi tuelewe thamani ya Laxton, ni lazima tuangalie mambo yaliyofikia vijiji vingine. Zamani, sehemu kubwa ya Uingereza ililimwa namna hii. Kisha wenye ardhi wakubwa wakaanza kuomba bunge ruhusa ya kukusanya vipande, kuvizungushia ua, na kufanya kila shamba kuwa la mtu mmoja. Kati ya mwaka wa 1604 na 1914, bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za namna hiyo. Nyingi zilipita kati ya mwaka wa 1750 na 1850. Ziligusa karibu sehemu moja kwa tano ya ardhi yote ya Uingereza.

Waliotetea mpango huo walikuwa na maneno yao: mlimaji mwenye shamba moja kubwa anaweza kukausha maji, kujaribu mbegu mpya, na kuchagua mifugo bora bila kungojea wenzake. Hayo yalikuwa na ukweli ndani yake.

Lakini gharama haikulipwa na watu wote sawasawa. Mwenye karatasi alipata shamba lake. Mjane mwenye ng'ombe mmoja, aliyezoea kumchunga katika majani ya wote, hakuwa na karatasi. Mtu maskini aliyezoea kuokota kuni katika pori la kijiji, naye vilevile. Desturi iliwapa haki, lakini wengi hawakuweza kuionyesha mbele ya watu wa vipimo. Hata mlimaji mdogo aliyepewa kipande alipaswa kulipia ua na gharama za mpango. Wengine walishindwa na kuuza. Wengi wakawa vibarua, ao wakaenda kutafuta kazi mijini.

Juu ya nini Laxton ilibaki

Ulinzi wa Laxton haukutoka kwa shujaa mmoja. Sababu moja ni kwamba ardhi ya kijiji haikuwa ya bwana mmoja tu, na kupatana juu ya kugawanya upya ilikuwa kazi nguvu. Sababu ingine ni maandishi. Mwaka wa 1635, Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London mwenye kununua ardhi hiyo, alimtuma Mark Pierce kupima kijiji chote. Ramani yake inaonyesha kila kipande, na hata picha ndogo za watu wenye kulima na kuvuna. Leo iko katika maktaba ya Bodleian, mjini Oxford. Kuko vijiji vichache duniani vyenye kuweza kuonyesha mashamba yao kipande kwa kipande kwa karibu miaka 400.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwenye ardhi, Earl Manvers, alikusanya vipande vidogo kuwa vikubwa zaidi kusudi kazi iwe nyepesi, lakini hakuvunja mpango wenyewe. Mwaka wa 1952, serikali ilinunua ardhi hiyo kusudi desturi isipotee. Mwaka wa 1981 ikapita kwa shirika lenye kusimamia mali ya taji la mfalme. Mwaka wa 2018 shirika hilo likatangaza kwamba linataka kuuza, na wanakijiji wakaogopa. Mwaka wa 2020 ardhi ilirudi kwa milki ya Thoresby, ambayo ni ile ile ya zamani ya akina Manvers.

Laxton si paradiso

Tusidanganyane. Walimaji wengi wa Laxton ni wapangaji. Wanalima ardhi ya mtu mwingine. Wanaweza kusema nani amevuka mpaka, lakini hawana neno la mwisho mwenye ardhi akitaka kuuza. Mwaka wa 2018 uliwakumbusha jambo hilo. Tena, vipande vilifanywa kwa ajili ya ng'ombe na farasi. Trakta kubwa za leo zinapenda shamba pana.

Jambo la kubakia nalo

Huku kwetu, sheria ya mwaka wa 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na wakati huohuo watu wengi vijijini wanalima kwa kufuata desturi, kwa neno la shefu na ushuhuda wa wazee. Historia yetu si ya Laxton, na hatuwezi kuleta baraza lao hapa kama mtu mwenye kuleta mbegu ndani ya mfuko.

Lakini kitu kimoja kinaeleweka kila mahali. Laxton hawangojei ugomvi kusudi waende kuangalia mpaka. Wanaenda kila mwaka, hata kama hakuna mwenye kulalamika, wakati wazee wenye kukumbuka wako pamoja na vijana wenye watarithi kazi. Kigingi kinapigiliwa watu wakiwa bado wanasalimiana. Wakingojea mpaka siku ya kugombana, kila mtu atakuwa na mpaka wake kichwani, na hakuna nyundo yenye itatosha.