Walipokuwa Majirani Kabla ya Kuwa Wakimbizi

Sisi tunaoishi Kasulu na Kibondo tumezoea kuona kwamba mkimbizi makao yake ni kambini. Watoto wetu hawajui namna nyingine. Wazee wetu wanaijua, na tunapenda iandikwe wangali hai.

Mwaka 1972, mauaji yalipoikumba Burundi, watu walivuka mpaka wakiwa na watoto mgongoni. Serikali iliwapeleka wengi mbali, kwenye makazi ya Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Huko shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Walutheri, lilisaidia kuwapatia maji, shule na mashamba. Lakini wengine hawakwenda huko. Walibaki vijijini mwetu. Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani, na baadhi yao walikuwa tayari na mashemeji upande huu. Mwenyeji alitoa kipande cha shamba, majirani wakakata miti na nyasi, udongo ukakandwa, nyumba ikasimama. Mgeni alilipa kwa jembe: alimlimia mwenyeji siku kadhaa, kisha akalima lake.

Tusiipambe habari hii. Wapo waliolimishwa kwa ujira mdogo kwa kuwa hawakuwa na pa kulalamika. Hata hivyo tulioana nao, tukabatiza watoto wao, tukaimba nao kwaya, tukazikana.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na maelfu wakaja tena. Katika miaka iliyofuata zilijaa kambi za Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Mtendeli na Nduta; Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Turubai likachukua nafasi ya nyasi, na mgao wa chakula ukachukua nafasi ya jembe. Kwa umati ule, pengine vijiji peke yake visingeweza.

Linalotuuma ni la mwaka 1997. Vita vya Burundi vilikuwa vimesogea mpakani, na kwa sababu ya usalama jeshi lilipita vijijini mkoani Kigoma kuwakusanya Warundi na kuwapeleka kambini. Walichukuliwa waliofika juzi, wakachukuliwa na waliokuwa hapa tangu 1972, hata wenye wake au waume Watanzania. Mwaka uliofuata Sheria ya Wakimbizi ikaagiza waishi katika maeneo yaliyotengwa.

Mambo ya Walawi sura ya 19 tulikuwa tumeihubiri mara nyingi, ile inayomtaja mgeni akaaye kwetu. Siku zile wengi wetu hatukusema neno. Tuliogopa, na hofu ile ilikuwa na sababu. Lakini mashamba yalibaki na mazao, na si wote waliovuna mihogo ile walikuwa wamepanda.

Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2015 watu walivuka tena, na Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Baadhi yetu tulipeleka nguo na unga. Hakuna aliyetoa kiwanja. Sheria haikuruhusu, na hatukuulizana kama tungetoa.

Nyumba za udongo za wale wa kwanza zimekwisha kuanguka. Viwanja vingine bado tunaviita kwa majina ya waliovijenga.